Mama Tindo na nyumba ya tatu iliyomshika pabaya

Saa mbili asubuhi, na ndani ya sebule hii hakuna anayepumua kwa nguvu.

Mwanamke wa miaka arobaini na tisa amepiga magoti sakafuni, mikono yote miwili iko kwenye mkono wa jeki ya lori. Mbele yake kidogo, shemeji yake naye amepiga magoti kwenye jeki ya pili. Juu ya kila jeki kuna gogo nene lililosimamishwa wima, na juu ya magogo hayo kuna boriti moja nyeusi ya zamani. Boriti hiyo imebeba paa zima la vigae.

"Robo," anasema mwanamke.

Wote wawili wanazungusha robo mzunguko. Boriti inalia. Vumbi na vinyesi vya popo vinamwagika kwenye mabega yao.

"Simama! Baba, unaona nini?"

Anayeitwa Baba ni mumewe. Amesimama mlangoni, macho yake kwenye kamba nyembamba iliyokazwa kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma. Anapima kwa jicho pengo lililobaki kati ya kamba na boriti; boriti ikigusa kamba, imefika.

"Bado vidole viwili."

Ukutani, upande wa kulia, wamepasua tundu. Kichwa cha boriti ya chuma kimechungulia ndani kupitia tundu hilo, na mwili wake wote uko nje, umelazwa juu ya jukwaa la mbao. Majirani wawili wanasubiri hukohuko nje waambiwe wasukume. Boriti ya zamani ikipanda vya kutosha, chuma kitapita chini yake na kukaa juu ya nguzo mbili mpya, moja kila upande. Kikishakaa, paa litakuwa na mtu wa kulibeba. Mpaka wakati huo, linabebwa na jeki mbili za kukodi.

Mtaani wanamwita Mama Tindo. Tindo ni kile chuma kifupi ambacho mafundi hukigonga kwa nyundo kupasulia lipu na matofali, na yeye hukaa nacho mkobani kama wanawake wengine wanavyokaa na kioo. Kazi yake ni kununua nyumba mbovu, kuzitengeneza kwa mikono yake na ya watu wa nyumbani kwake, kisha kuziuza. Hana kampuni wala ofisi. Katika miaka saba ameuza mbili. Hii ya tatu ndiyo iliyomshika pabaya.

Alasiri ya leo anakuja mnunuzi, muuguzi wa hospitali anayetafuta nyumba ya kuishi na mama yake. Ameshaiona nyumba mara moja na akaipenda. Akighairi, au boriti ikipasuka kabla hajafika, familia hii haina pengine pa kwenda. Walishauza walipokuwa wakiishi ili wanunue hapa.

"Sisi hatuna nyumba ya akiba," anasema Mama Tindo bila kutoa mikono kwenye jeki. "Tunakaa humuhumu, chumba cha nyuma, tunalala na makopo ya rangi. Likishuka hili paa tunabaki na vitanda na sufuria. Haya, robo!"

Boriti inalia tena.

Ujenzi hakuusomea. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mshona mapazia. Mshona mapazia huingia nyumba za watu kupima madirisha, na huko ndani huona mengi. Aliona waliotoa pesa nyingi kwa nyumba zilizopakwa rangi nzuri, kisha wakapanga ndoo sebuleni msimu wa kwanza wa mvua. Aliona pia nyumba zilizokimbiwa na kila mtu, kumbe shida yote ni bomba moja linalovuja ndani ya ukuta.

"Watu wananunua nyumba kwa macho," anasema. "Anaingia sebuleni, anachungulia choo, anafungua bomba la jikoni, basi, ameshaamua. Nikajiuliza, na haya yote ninayoyajua, nashona mapazia ya nini?"

Nyumba ya kwanza waliinunua mumewe alipoachishwa kazi katika kiwanda cha uchapaji. Kiinua mgongo chote kiliingia humo. Ilikuwa na vyumba viwili, na mlango wake ulifungwa kwa waya. Walilala humo, wakapikia uani, wakabandua, wakapiga lipu, wakapaka rangi. Walipoiuza, faida ilikuwa sawa na mapato ya cherehani kwa miaka miwili.

Ya pili faida ilikuwa nusu ya hapo. Shimo la maji machafu lilichimbwa mara mbili, kwa sababu la kwanza liliangukia kwenye mwamba.

"Maji ya kuoga yalikuwa hayaendi popote," anasema shemeji yake. "Tungeweka samaki mle tungekuwa mbali sasa hivi."

Shemeji ni seremala, mdogo wa mumewe, na mdomo wake haupumziki hata akiwa chini ya paa linaloning'inia.

"Shemeji, punguza maneno, zungusha jeki."

"Nazungusha, bosi. Tangu nikujue mimi kazi yangu ni kuzungusha tu."

"Simama. Baba?"

"Kidole kimoja na nusu."

Sasa, imekuwaje mpaka paa la nyumba likafika juu ya jeki?

Wanunuzi wa siku hizi wanataka sebule kubwa. Nyumba hii ilikuwa na sebule ndogo, na nyuma yake chumba chenye giza. Kati ya viwili hivyo palikuwa na ukuta mwembamba. Mama Tindo aliufanyia ukuta huo yale anayofanya siku zote: akaugonga kusikiliza, akapima unene, akachimba chini yake kutafuta msingi. Matofali yalikuwa yamesimamishwa kwa ubavu. Msingi haukuwepo, ukuta ulikaa juu ya sakafu tu. Ukuta wa namna hiyo ni wa kugawa vyumba, haubebi kitu. Alishabomoa kadhaa wa aina hiyo bila tatizo.

Huu aliubomoa mwenyewe, kwa nyundo na tindo lake, kwa siku moja.

"Nilikuwa naimba," anasema. "Ndiyo inayoniuma. Nabomoa, naimba."

Alichoacha kufanya ni kupanda darini. Mwenye nyumba fulani wa zamani alikuwa ameziba mlango wa dari kwa mbao na rangi, na Mama Tindo aliona uvivu kuupasua. Angepanda angeona kwamba mchwa walishakula kichwa cha boriti pale kinapoingia kwenye ukuta wa nyuma. Wamekula taratibu, miaka mingi. Boriti ikawa inashuka polepole, mpaka ikajikalisha juu ya ule ukuta mwembamba. Ukuta uliojengwa kutenganisha kitanda na kochi ukawa umebeba paa, na hakuna aliyeambiwa.

Nyumba iliwaonya, lakini hawakuielewa. Kesho yake mlango wa chumba cha kulala, uliokuwa ukifunga vizuri, ulianza kukwaruza fremu. Shemeji akaleta randa, akaupunguza. Ukafunga. Baada ya siku chache ukagoma tena. Akaupunguza tena.

"Nilikata mlango wa watu mpaka ukawa kama dirisha," anasema. "Maskini, wala haukuwa na kosa."

Katika siku hizohizo ndipo muuguzi alipokuja mara ya kwanza. Aliiona sebule kubwa, akazunguka ndani yake mikono kiunoni, akasimama katikati na kunyoosha kidole sakafuni. Hapa, akasema, ndipo kitakaa kiti cha mama, apate mwanga wa dirisha. Hapo alipoonyesha ni chini ya boriti hasa.

Aliyegundua ni mumewe. Alikuwa juu ya ngazi nje, anapaka rangi ukuta ulio karibu na geti, akageuka kulitazama paa. Lilikuwa limebonyea katikati mithili ya godoro lililolaliwa na mtu mnene.

"Baba si msemaji," anasema Mama Tindo. "Alishuka ngazi, akanawa mikono, akaja mlangoni akaniambia, 'Mama, toka humo ndani.' Basi. Sauti yake tu ilinitosha."

Walitia magogo chini ya boriti siku hiyohiyo ili isishuke zaidi. Kisha wakapasua dari. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu shemeji alikuja na wazo.

Halikatai. Mbao za dari alizonunua kwa ajili ya wazo hilo bado zimeegemezwa ukumbini, mpya, zina vumbi juu.

"Nilisema tupige dari mpya, tupake nyeupe, tuuze," anasema. "Paa lilikaa vile miaka na miaka. Lingekaa mingine."

"Lilikaa juu ya ukuta, shemeji. Ukuta nimeutoa."

"Si tungeacha gogo moja katikati, tulipake rangi, tuseme ni urembo?"

Hata mumewe anacheka kidogo mlangoni, macho yake yakiwa bado kwenye kamba.

Mama Tindo hajifanyi malaika. Anakiri kwamba wazo hilo alilala nalo siku mbili, na siku ya pili alikuwa anaelekea kulikubali. Kununua chuma, kumwaga zege la nguzo mbili, kukodi jeki: hesabu ilionyesha kwamba faida yote ya nyumba hii ingeisha kabla haijauzwa. Na mvua ziko karibu.

"Kilichonikataza ni kile kidole," anasema. "Yule dada alinionyesha mahali pa kiti cha mama yake. Angeonyesha kona, pengine ningenyamaza. Nasema kweli. Lakini kila nikifumba macho namwona bibi wa watu kakaa palepale, anasubiri kuangukiwa."

Basi wakafanya kazi. Kichwa cha boriti kilicholiwa kikafungwa kwa mbao mpya pande zote mbili, kwa bolti nene. Nguzo mbili zikachimbiwa msingi na kumwagwa zege, zikaachwa zikomae. Boriti ya chuma wakaipata kwa muuza vyuma chakavu, ikabebwa na wanaume sita. Cherehani lililokuwa limefunikwa shuka likafunuliwa, na Mama Tindo akarudi kushona mapazia ya watu ili nyumbani pasilale njaa.

Kitu kimoja hakukifanya. Hakumpigia simu muuguzi.

"Kidole kimoja," anasema mumewe.

"Robo."

"Nusu kidole."

Hapo ndipo honi inapolia getini.

Wote watatu wanatazamana. Shemeji anapanda ngazi, anachungulia kwenye tundu la ukuta, juu ya kichwa cha chuma, kisha anarudi taratibu.

"Ni yeye. Na mama yake."

"Si alisema alasiri?" Mumewe ameshusha sauti.

"Kavaa nguo za kazi. Katoka zamu, kaona apitie moja kwa moja."

"Waambie warudi alasiri, kama tulivyokubaliana."

Mama Tindo anafikiri kwa muda mfupi sana. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. "Shemeji, nenda kawapokee. Wewe si una maneno? Baba, njoo ushike jeki yake. Usizungushe, shika tu."

Shemeji anajipangusa vumbi usoni, analizidisha, anatoka. Sauti yake inasikika uani, imepanda juu na kujaa furaha ya uongo.

"Karibuni, karibuni sana! Dada, habari za kazi? Shikamoo, mama. Tuanze na huku uani, maana uani ndio roho ya nyumba."

"Uani nimeshauona," inajibu sauti ya kike iliyochoka.

"Hujauona na mimi."

Kisha sauti ya kizee, kali, inauliza: "Na hicho chuma kilichochomoza ukutani ni nini?"

"Kipi, mama?"

"Hicho. Hicho kikubwa kuliko wewe."

Kabla shemeji hajapata la kusema, ndani ya sebule kunapasuka kitu. Pa! Mlio mmoja, mkavu. Gogo la jeki ya mbele linatikisika. Mumewe anafumba macho. Mama Tindo hakimbii. Amebaki alipo, shingo kaikunja, anatazama juu, mkono mmoja umeinuliwa kama anayeomba kimya darasani.

"Nini hicho?" sauti ya kizee inauliza nje.

"Mbao, mama. Mbao huwa zinaongea."

"Zinasema nini?"

Ndani, Mama Tindo ananyanyuka taratibu, anapapasa mahali gogo linapokutana na boriti. Vidole vyake vinapita juu ya mbao, vinasimama, vinarudi. Anachomoa kipande cha mti kilichochomekwa hapo kukaza, kimepasuka katikati.

"Kabari," anasema. "Ni kabari, Baba. Boriti yenyewe ni nzima."

Mumewe anafumbua macho. "Wafukuze," anasema. "Mama, nakuomba. Wafukuze tumalize."

"Nikiwafukuza hawarudi. Na chuma wameshakiona." Anagonga kabari nyingine mpya mahali pa ile iliyopasuka, mapigo mawili mepesi. "Shika jeki. Usiachie."

Anatoka nje na vumbi lake lote.

Muuguzi ni mwanamke mrefu, miaka thelathini na kitu, begi begani. Mama yake ni mfupi, ana fimbo ya chuma ya hospitali, na anaitumia zaidi kuelekezea kuliko kutembelea. Sasa hivi imeelekezwa kwa shemeji.

Mama Tindo anawasalimu. Halafu anasema yote kwa mfululizo, bila kupamba.

"Dada, nilibomoa ukuta nisiopaswa kuubomoa. Sebule ile kubwa uliyoipenda, ukuta wake ndio uliokuwa umebeba paa. Sikujua. Sasa hivi paa liko juu ya jeki, na hicho chuma ndicho kinakwenda kulibeba. Hatujamaliza. Naomba msiingie ndani."

Muuguzi anamtazama. Anaitazama nyumba.

"Kwa hiyo siku ile nilisimama pale chini, namchagulia mama yangu mahali pa kukaa, na paa halina kitu cha kulibeba?"

"Ulisimama. Hata mimi nilisimama. Siku ile nilikuwa sijajua."

"Ulijua lini?"

"Baada ya wewe kuondoka. Siku chache."

"Na simu yangu unayo."

"Ninayo."

"Kwa nini hukunipigia?"

Shemeji anafungua mdomo. Mama Tindo anamwonyesha kiganja, naye anaufunga.

"Niliogopa utanunua nyingine."

Majirani wawili kando ya chuma wanatazama miguu yao. Muuguzi anavuta mkanda wa begi, anamgeukia mama yake. "Twende, mama. Nimekesha, sina nguvu ya mambo haya."

"Twende wapi?" anauliza mama yake. "Nimepanda teksi kuja kuona nyumba. Nileteeni kiti."

"Mama."

"Wewe nenda ukalale. Mimi sijakesha. Nataka kuona wakishusha hilo paa. Likianguka, tutakuwa tumejua. Lisipoanguka, tutazungumza." Fimbo inamgeukia shemeji. "Wewe mwenye uani wako. Kiti."

Kiti kinaletwa mbio. Bibi anakaa mbali na nyumba, mkabala na mlango ulioachwa wazi. Muuguzi anabaki wima nyuma yake, mikono kifuani.

Ndani, mumewe hajasogea. Shemeji anachukua nafasi yake, Mama Tindo anarudi kwenye magoti.

"Robo."

Boriti inalia.

"Robo nyingine."

"Imegusa kamba," anasema mumewe. "Mama, imegusa!"

"Sukumeni!"

Nje, majirani wanaegemea kwa mabega. Chuma kinaingia kikikwaruza zege, sauti ya kukereketa meno. Kinapita chini ya boriti, katikati ya jeki mbili, pengo lake dogo sana. Shemeji yuko juu ya ngazi, anakiongoza kwa mikono. "Polepole! Polepole, nina watoto!" Kinafika upande wa pili, kinapanda kichwa cha nguzo, kinakaa.

Wamemaliza nusu ya kazi, na hii ndiyo iliyokuwa rahisi.

Kushusha paa kunatisha kuliko kulipandisha, Mama Tindo alishaeleza asubuhi. Ukipandisha, uzito uko mikononi mwako, unausikia. Ukishusha unaukabidhi, na hujui aliyepokea kama ataweza.

"Teremsha robo."

Jeki zinarudi nyuma. Boriti ya mbao inalala juu ya chuma kwa mguno mzito. Vigae vinagongana juu, mstari mzima.

"Robo."

Mguno tena. Kisha, juu ya nguzo ya kulia, lipu inafunguka. Ufa mwembamba unaanza kwenye kichwa cha nguzo, unapanda kuelekea dari. Unapanda, unapinda, unapanda. Mumewe anaufuata kwa macho, mkono umemziba mdomo.

"Niendelee?" anauliza shemeji. Kwa mara ya kwanza leo hana mzaha.

Mama Tindo anautazama ufa. Umefika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, umesimama. Anasubiri. Haujasogea.

"Endelea."

"Shemeji..."

"Endelea. Ukibaki nusunusu ndiyo mbaya."

Robo. Robo. Halafu Mama Tindo anaacha mkono wa jeki, anashika gogo lililosimama juu yake, analivuta kidogo. Gogo linakuja lenyewe mikononi mwake, jepesi, halina mzigo tena.

Anakaa chini sakafuni na gogo lake mapajani. Mumewe anakwenda kumshika bega, anasahau kuliachia.

Muuguzi ndiye anayeingia wa kwanza. Hakuambiwa aingie. Anapita chini ya chuma akikitazama, anakwenda moja kwa moja kwenye ufa.

"Na huu?"

"Huo ni wa sasa hivi," anasema Mama Tindo kutoka chini. "Nguzo imepokea mzigo, ikakaa. Inaweza kuwa ndiyo mwisho wake. Inaweza kuwa ndiyo mwanzo. Siwezi kukudanganya, sijui."

"Utauziba?"

"Naweza kuuziba leo jioni, usiuone tena. Lakini nakuomba tusiuzibe." Anainuka, anajipangusa magoti. "Una kalamu? Weka alama kwenye ncha ya ufa, juu na chini. Mkono wako, si wangu. Andika na tarehe. Mvua zije, paa lilowe, vigae vizidi uzito. Mvua zikiisha njoo na fundi wako, siyo wangu. Ufa ukiwa umevuka alama yako, usinunue."

Muuguzi anatoa kalamu mfuko wa kifuani. Anasita, kisha anapiga mstari mfupi ncha ya chini. Ya juu haifikii vizuri. Shemeji anamletea ngazi. Anapanda na viatu vyake vyeupe vya kazi, anaweka mstari wa pili, anaandika tarehe.

"Leo sinunui," anasema akiwa bado juu ya ngazi.

"Najua."

"Na sitoi chochote mpaka mvua zipite."

"Sawa."

Bibi amefika mlangoni kwa fimbo yake. Anaitazama boriti, chuma, magogo, vumbi. "Wewe," anamwambia Mama Tindo, "ungelala hapa chini?"

"Kuanzia leo. Tunahamishia kitanda."

"Na bei itashuka."

"Mama!" anasema muuguzi.

"Itashuka au haitashuka?"

"Itashuka, mama," anasema Mama Tindo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anacheka.

Wanapoondoka jua limeshapanda. Jeki zinarudishwa kwa mwenyewe. Majirani wananawa, wanakunywa chai ya chapuchapu wima, wanakwenda zao. Tundu la ukutani linazibwa kwa matofali. Kuta nyingine zote za sebule zitapakwa rangi wiki hii. Huo wa kulia utabaki ulivyo, na ufa wake na wino wake, mpaka mvua zipite. Cherehani nalo linabaki wazi. Kuna mapazia ya nyumba nzima yameagizwa, na hayo ndiyo yatakayowalisha msimu huu.

Jioni, kitanda kinavutwa kutoka chumba cha nyuma hadi katikati ya sebule, chini ya chuma. Shemeji anasaidia kukibeba, na anaaga haraka. Anasema ana imani kubwa na kazi yao, ila atalala kwake.

Mumewe anakaa ukingoni mwa kitanda. Siku nzima amesema maneno machache. Huyu ni mtu aliyehama nyumba tatu kwa miaka saba, na kila alipoanza kuzoea mahali pa kutundika shati, mahali hapo paliuzwa. Anautazama ufa muda mrefu.

"Nikwambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Mimi natamani usogee. Kidogo tu. Tusiangukiwe, la. Uvuke ile alama kidogo, yule dada asinunue, tubaki hapa."

Mama Tindo anamkodolea macho. Ameshika ufagio, hajui aufanyie nini.

"Baba, nimeua magoti yangu asubuhi nzima kwenye hiyo jeki."

"Ndiyo maana nikasema usikasirike."

Anakaa pembeni yake. Kitanda kinabonyea. Kisha anamweleza mpango wake, na anaueleza kwa sauti ya kutosha kuandikwa gazetini, kama anayetaka awepo shahidi. Mvua zitapita. Ufa hautasogea. Nyumba itauzwa, kwa bei pungufu, lakini itauzwa. Na pesa yake haitaingia kwenye nyumba ya biashara. Itanunua nyumba ya kukaa, ndogo, na atakayeichagua ni mumewe, peke yake. Biashara itangoja mpaka cherehani liipe mtaji mwingine.

"Nichague mimi?"

"Wewe."

"Na tusiiuze?"

"Hatuiuzi."

Mumewe anaifikiria nyumba hiyo ambayo bado hajaiona.

"Na kuta zake huzigusi?"

"Sizigusi."

"Hata mmoja?"

Mama Tindo anageuza uso pembeni.

"Labda wa jikoni," anasema.